Karanga Uliyoikataa Kuwa Mbegu, Usimpikie Mtoto Kashata

Huku kwetu Dodoma mvua zimeanza kuonja onja, watu wako bize na mbegu, na Krismasi ndio hiyo inapiga hodi. Wiki hii nilipanga kuandika kuhusu viwavijeshi kwenye mahindi, lakini nimeona mada hiyo isubiri kidogo. Leo tuongee kashata.

Ndio, kashata. Najua yupo atakayesema bwana shamba ameishiwa mada, sasa ameingia jikoni. Niwajibu mapema: kilimo hakiishii pale gunia linapofungwa. Kinaishia mdomoni kwa mtu. Na kwenye suala la karanga, mimi naona hatari kubwa iko hapo katikati, kati ya gunia na mdomo, mahali ambapo sisi maafisa ugani tunafika kwa nadra. Chuoni nilipochukua stashahada tulikaririshwa nafasi ya kupanda karanga, sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mashimo. Habari ya kashata haikuwepo kwenye mtihani. Lakini ukizunguka vijijini mwezi huu wa Desemba, kashata ndio mtihani wenyewe.

Msimamo wangu wa leo ni mmoja, na nausema wazi ili asiyeukubali anipinge vizuri: kashata ya sikukuu ipikwe kwa karanga bora kuliko zote ulizonazo ndani. Karanga zilizobaki baada ya kuchagua mbegu na baada ya mnunuzi kuondoka sio za kashata. Na zile zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi sio chakula cha mtu yeyote.

Kashata inaangukia msimu mbaya

Hebu tuangalie kalenda yetu ya kanda ya kati. Karanga tunapanda Desemba mvua zikishika, tunavuna kuanzia Aprili hadi Juni kutegemea aina na mvua. Wanunuzi wanakuja karanga zikiwa bado zina joto la jua. Wanachagua zile nene, zinaondoka. Zinazobaki zinakaa ndani miezi sita, saba. Novemba na Desemba mama anateremsha gunia, anabangua, anachagua mbegu. Zile zilizojaa zinawekwa upande huu, ndio mbegu. Zilizobaki zinasukumwa upande ule.

Na hapo hapo, wiki hiyo hiyo, watoto wanauliza sikukuu tutakula nini.

Mwaka juzi nilipita kwenye nyumba moja katika kata yangu nikakuta kazi hiyo inaendelea kwenye mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Tunachagua mbegu hapa, mvua isitukute."

"Na hizi za pembeni, mama?"

"Hizo za watoto. Za kashata ya Krismasi."

Nikainama nikashika kiganja kimoja. Kulikuwa na karanga ndogo lakini nzima, hizo hazina shida yoyote. Kulikuwa na zilizosinyaa kama zabibu kavu. Kulikuwa na zenye matobo ya wadudu. Na kulikuwa na zile zenye vumbi la kijani-njano pale kwenye kichwa cha punje. Mama yule ni mkulima mzuri sana na anawapenda wajukuu zake kuliko mimi ninavyoweza kueleza. Alikuwa anafanya kile ambacho nyumba nyingi zinafanya. Karanga ambayo ardhi haiitaki tunaona mtoto ataiweza, maana itakaangwa, itatwangwa, itatiwa sukari, na nani atajua?

Hapo ndipo ninaposema hapana.

Kitu chenyewe kinaitwa sumukuvu

Wengi mmeshasikia neno hili redioni. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za ukungu unaoota kwenye mazao, hasa karanga na mahindi. Ukungu unaweza kuingia shambani, hasa ukame ukipiga wakati karanga zinajaza, au wadudu wakitoboa maganda. Unaweza kuongezeka nyumbani karanga zikihifadhiwa na unyevu.

Na sumu hii iligunduliwa kupitia karanga. Mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya muda mfupi. Wataalamu walipofuatilia chakula chao wakakuta mashudu ya karanga yenye ukungu, yaliyotoka Brazil. Kwa hiyo mtu akikuambia hizo ni hadithi za wazungu wanaotaka kutuharibia soko, mwambie kwamba mifugo yao ndiyo iliyotangulia kufa.

Kwetu huku hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2004 Kenya, upande wa Makueni, Kitui na majirani zao, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 walipoteza maisha. Haya yalikuwa mahindi, lakini sumu ni ile ile na ini ni lile lile.

Hao ni waliokula sumu nyingi kwa mara moja. Wengi wetu tunakula kidogo kidogo, miaka na miaka, na hatuoni kitu. Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani limeweka sumukuvu kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Saratani yenyewe ni ya ini. Mtu mwenye homa ya ini aina ya B yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Na kwa watoto, sumukuvu inahusishwa na udumavu. Ini la mtoto ni dogo, mwili wake ni mdogo, halafu sisi ndio tunampa karanga zenye sumu nyingi zaidi. Mimi hesabu hiyo inanishinda.

Kuna mambo matatu ya kuelewa kuhusu sumu hii, maana ndiyo yanayohusu sufuria ya kashata moja kwa moja.

Kwanza, moto hauimalizi. Kukaanga kunaua ukungu na kunapunguza sumu kiasi, lakini kiasi kinachobaki bado kinatosha kudhuru. Mtu asikudanganye kwamba ukikaanga hadi ziwe kahawia basi mambo yameisha.

Pili, haigawanyiki sawasawa. Ndani ya kilo moja ya karanga, punje nyingi zinaweza kuwa safi kabisa, na punje chache zikabeba karibu sumu yote. Hii ni habari mbaya, maana punje hizo chache ukizitwanga na wenzake umeisambaza sumu kwenye kila kipande. Lakini pia ni habari nzuri sana, kwa sababu ukizitoa punje hizo chache kabla ya kutwanga, umeondoa sehemu kubwa ya tatizo kwa mikono yako tu, bila mashine na bila dawa.

Tatu, sukari inaficha. Ukitafuna karanga mbovu mbichi ulimi unakataa, unatema. Ukiichanganya na sukari na iliki, ulimi unadanganyika. Kwa hiyo kashata ndio chakula kibaya kuliko vyote cha kupeleka karanga mbovu, kwa sababu inamnyima mtoto ile kinga yake ya kutema.

Kashata ya bibi yangu

Sasa nisiwatishe halafu nikawaacha hewani. Nawapa namna tunavyopika kwetu. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Pangani, akaja Dodoma kwa ndoa, na mapishi haya alikuja nayo kichwani. Nyumbani kwetu ilikuwa inapikwa Idi na Krismasi zote mbili, maana ukoo una dini zote, na sinia la kashata halikuwahi kuuliza mtu anasali wapi. Haihitaji oveni, haihitaji unga wa ngano wala mayai. Jiko la mkaa, sufuria, ungo na kinu vinatosha.

Bibi hakusoma na hakuwahi kusikia neno sumukuvu. Lakini alikuwa anachambua karanga mara tatu kabla ya kugusa sukari. Sisi wajukuu tulikuwa tunaona anachelewesha utamu makusudi. Yeye sababu yake ilikuwa moja tu, kwamba karanga chungu moja inaharibu kinywa kizima. Leo nikifananisha na utaratibu wa viwanda vikubwa vya karanga, vinavyotoa ngozi ya juu na kuchambua kwa rangi, naona wanafanya kile kile alichokuwa anafanya bibi kwenye ungo.

Mahitaji:

- Karanga zilizobanguliwa na kuchambuliwa, vikombe 3
- Sukari, vikombe 2
- Maji, nusu kikombe
- Iliki punje 6, zimenywe na kutwangwa
- Chumvi, kiasi cha kushika kwa vidole viwili
- Ndimu, matone machache
- Mafuta kidogo ya kupaka sinia

Namna ya kufanya:

1. Chambua mara ya kwanza karanga zikiwa kwenye maganda. Toa maganda yaliyotoboka, yaliyopasuka, yenye weusi na yale mepesi yasiyo na kitu. Halafu bangua yakiwa makavu. Tafadhali sana, usinyunyizie maji ili maganda yalainike. Najua vidole vinauma, najua kazi ni ndefu, lakini maji hayo ndiyo chakula cha ukungu.

2. Chambua mara ya pili baada ya kubangua. Fanya mchana, ungo ukiwa kwenye mwanga, sio usiku kwa kibatari. Toa zilizosinyaa, zenye ukungu, zenye matobo, zilizoota na zilizobadilika rangi. Zilizovunjika zamani toa pia, maana punje iliyovunjika haina kinga. Karanga ndogo lakini nzima na yenye rangi yake, hiyo iache. Udogo sio ugonjwa.

3. Kaanga kwa moto wa wastani ukigeuza muda wote, kama dakika 15. Bibi alikuwa anaweka chumvi ya mawe kwenye kikaango ili joto lienee sawa, wengine wanatumia mchanga safi uliooshwa. Zikianza kunukia na ngozi ikitoka kirahisi ukisugua, epua.

4. Zikipoa sugua kwa viganja, kisha peta kwenye ungo ngozi ziruke. Sasa ndio uchambuzi wa tatu, na huu wengi wanauruka. Karanga ikishavuliwa ngozi haiwezi kukuficha kitu. Iliyo nzuri ina rangi moja ya krimu au ya dhahabu. Yenye doa jeusi, yenye moyo wa kahawia iliyokolea, au iliyokuwa ya njano ya ajabu, toa.

5. Twanga kidogo tu kwenye kinu, zibaki chenga chenga. Kama kuna watoto wadogo ndani ya nyumba, twanga zaidi. Mtoto wa chini ya miaka mitano karanga nzima inaweza kumpalia.

6. Weka sukari na maji kwenye sufuria, koroga hadi sukari iyeyuke, kamulia yale matone ya ndimu, halafu acha kukoroga. Ndimu inazuia sukari isirudi kuwa chenga. Chemsha hadi ishike rangi ya asali. Dondoshea tone moja kwenye kikombe cha maji baridi: likigumu na kuvunjika kama kioo, iko tayari.

7. Mimina karanga, iliki na chumvi, koroga haraka haraka kwa dakika moja hivi, kisha mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta. Tandaza, kandamiza kwa mwiko au kwa chupa iliyopakwa mafuta.

8. Kata ikiwa bado ya moto, mshazari mshazari upate ile sura ya kashata tunayoijua. Ukichelewa itakuwa jiwe. Vikombe hivi vitatu vinakupa vipande vidogo kama 40.

Watoto wasikae karibu na jiko hatua ya 6 na ya 7. Sukari iliyoyeyuka ina joto kuliko maji yanayochemka, halafu inanata kwenye ngozi. Mtu akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na hospitali kama jeraha ni kubwa. Dawa ya meno wala mafuta usipake.

Kashata zikipoa weka kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Zikiachwa wazi msimu huu wa mvua zinavuta unyevu na kunata. Usizifunge kwenye gazeti, wino unahamia kwenye chakula.

"Bwana shamba, tukichambua hivyo tutabaki na nini?"

Swali hili naulizwa kila ninapofundisha, na ni swali la haki. Anayeuliza ana watoto wanne na karanga ndio pesa yake ya daftari. Siwezi kumjibu kwa kumsomea kitabu.

Hebu tupige hesabu. Familia ikipika sufuria mbili za kashata kwa sikukuu nzima, inahitaji vikombe 6 vya karanga, yaani kama kilo moja tu. Tuseme uchambuzi umetoa robo nzima, ambayo ni nyingi. Bado unahitaji kilo moja na robo, moja na nusu hivi. Nyumba iliyovuna hata magunia mawili haiwezi kufilisika kwa kilo moja na nusu. Kwa hiyo tatizo sio uchache wa karanga. Tatizo ni foleni. Mnunuzi yuko mbele, mbegu inafuata, na mtoto yuko mwisho kabisa akipokea walichokataa wenzake.

Na hapa niseme jambo ambalo akina baba wenzangu hawatalipenda. Karanga kwenye maeneo mengi ninayopita zinalimwa na akina mama. Mama anapanda, anapalilia, anang'oa, anabangua. Siku mnunuzi anapokuja, anayesimama kwenye mizani ni baba. Historia ya mkoa wetu ina somo hapa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta kulima karanga kwa maelfu ya ekari, na kufikia 1951 mpango ukawa umekufa. Matrekta yakaondoka, karanga zikabaki, na zilibaki kwa sababu kuna mikono iliyoendelea kuzilima kwa jembe. Mikono hiyo inajua karanga nzuri na mbaya kuliko mnunuzi yeyote. Basi wenye mikono hiyo wapewe nafasi ya kuchota kwanza.

Pendekezo langu ni rahisi: debe la kwanza libaki nyumbani. Siku ya kuvuna, kabla mnunuzi hajaitwa, mama atenge debe moja la karanga zilizokauka vizuri, zikiwa kwenye maganda yake. Debe moja la maganda ukilibangua linaweza kukupa kama kilo 4 za karanga. Hapo kuna kashata ya sikukuu, kuna mboga za kuunga, kuna uji wa mtoto. Liandikwe hata kwa mkaa: LA NYUMBANI.

Wengine wananiambia, sawa, basi zile mbaya tuwape kuku. Hapana. Kuku wanadhurika, vifaranga ndio zaidi. Ng'ombe wa maziwa akila, sumu inapita hadi kwenye maziwa, na maziwa anakunywa yule yule mtoto uliyemwepusha na kashata. Wapo pia wanaozipeleka kukamua mafuta. Sehemu kubwa ya sumu inabaki kwenye mashudu, mashudu yanarudi kwa mifugo, na mafuta yasiyosafishwa nayo hayako salama. Chimba shimo, fukia. Kwa kilo mbili tatu sio kazi ya kutwa.

Na wako wanaosema babu zetu walikula na hawakufa. Baadhi walikufa, ndugu zangu. Walivimba tumbo, macho yakawa ya njano, tukasema wamelogwa. Watu wangapi walipigana na majirani kwa ajili ya ini lililoharibiwa na kitu kingine kabisa? Siwezi kusema kila aliyevimba tumbo alikula sumukuvu, maana ini lina maadui wengi, ikiwemo pombe na homa ya ini. Lakini hoja ya "walikula na hawakufa" mimi siipokei.

Tukubaliane na ukweli mwingine

Uchambuzi wa macho hausafishi kila kitu. Ipo karanga yenye sumu ambayo kwa nje inapendeza. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya karanga, na kiasi hicho hakuna jicho linaloweza kukiona. Kinapimwa maabara. Ndio maana uchambuzi ni mlango wa mwisho, na milango ya kwanza iko shambani. Kwa ufupi:

- Panda mapema na tumia mbegu bora. Aina kama Pendo na Mangaka kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, zinakomaa mapema, kwa hiyo zinaukwepa ukame wa mwisho wa msimu.
- Ng'oa kwa wakati. Fungua maganda machache, ukikuta ndani kumekuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, zimekomaa. Ukiziacha ardhini zaidi unakaribisha wadudu na ukungu.
- Kausha maganda yakiwa juu, yasiguse udongo, kisha malizia kwenye turubai au kichanja. Tikisa ganda, punje ikigonga gonga ndani inakauka vizuri. Punje zisizidi unyevu wa asilimia 7 kabla ya kuhifadhi.
- Hifadhi zikiwa na maganda, juu ya chaga, mbali na ukuta na sakafu. Bangua zile tu unazotaka kutumia.

Na onyo moja la msimu huu: mbegu iliyopakwa dawa hailiwi, hata ukiiosha mara kumi. Desemba ndio mwezi ambao mbegu na chakula vinakaa chumba kimoja. Mbegu yenye dawa mara nyingi ina rangi nyekundu, bluu au kijani, na ikibaki baada ya kupanda mtoto anaweza kudhani ni pipi. Ifungie, weka juu, mwambie kila mtu ndani ya nyumba.

Kwa wenzetu wa mjini mnaonunua: nunua karanga nzima, chambua mwenyewe. Usinunue zilizotwangwa tayari kwa sababu tu ni bei ya chini. Karanga iliyotwangwa hujui ilikuwa na sura gani. Na wale mnaopika kashata kuuza shuleni na kwenye vijiwe vya kahawa, ninyi ndio nawaomba zaidi, maana sufuria yenu inalisha watoto wa kata nzima. Mnaotaka kukua, SIDO na TBS wana utaratibu wa wajasiriamali wadogo, nendeni mkaulize.

Kwa nini nang'ang'ania kashata

Mtu anaweza kusema basi tuache kashata, tununue biskuti dukani, mambo yaishe. Mimi sikubaliani. Biskuti ni ngano, na ngano sehemu kubwa nchi hii inaagiza kutoka nje. Karanga tunalima wenyewe. Kwenye gramu 100 za karanga kuna kama gramu 25 za protini, biskuti haifiki hata nusu yake. Ndio, kashata ina sukari nyingi, sisemi mtoto ale sinia zima. Vipande viwili vitatu kwa siku ya sikukuu, halafu apige mswaki.

Na kuna kitu kingine. Kwenye uchambuzi wa bibi ndiko nilikojifunza kutofautisha karanga nzima na mbovu, kabla sijafika chuo chochote. Watoto wakikaa kwenye mkeka wakachambua kashata yao wenyewe, wanapata somo la ugani ambalo mimi na pikipiki yangu siwezi kulifikisha kwenye kila nyumba. Mtoto wa miaka saba akishajua karanga ipi inatupwa, atawaambia wazazi wake hadi wachoke.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujatia sukari sufuriani, mwaga karanga zako kwenye ungo, toka nje kwenye mwanga, uziangalie vizuri. Ambayo usingeipanda kwa sababu ina ukungu, imesinyaa au imeoza, usimpe mtoto. Kama una swali kuhusu kukausha au kuhifadhi, au una mapishi ya kwenu yanayotofautiana na haya, niandikie hapo chini nami nitajibu nikirudi kutoka kwa wakulima. Makala ijayo tutarudi kwa viwavijeshi, hao nao hawana sikukuu.

Msimu mwema, na sikukuu njema kwenu nyote.